Waliozama Mbali na Elgon: Utangulizi wa Somo la Kumbukumbu za Vita Baharini

Somo unaloliingia linahusu watu waliokufa baharini vitani, na jinsi waliobaki nchi kavu wanavyowakumbuka. Maandishi yake mengi yametoka katika miji iliyokua pamoja na majeshi ya majini, kama Portsmouth, Plymouth na Kiel. Utangulizi huu umeandikwa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Mtu wa hapa akitaka kuiona bahari, hushuka hadi Kamukuywa kwenye barabara kuu ya Kitale na Webuye, akashika njia ya Nairobi, kisha ya Mombasa, mwendo wa karibu kilomita 900. Wako wazee wengi wa Kimilili waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa bila kuonja chumvi yake. Hata hivyo nasema somo hili ni letu, kwa sababu ya mchana mmoja wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944.

Mchana huo msafara wa meli uliopewa jina la KR 8 ulikuwa na takriban wiki moja baharini tangu utoke Kilindini. Ulikuwa unaelekea Colombo, katika nchi iliyoitwa Ceylon wakati huo na ambayo leo ni Sri Lanka. Meli za kubeba askari zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Walinzi wa msafara walikuwa manowari kubwa HMS Hawkins na manowari mbili nyepesi zenye kasi, Petard na Paladin. Khedive Ismail yenyewe haikuundwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Uskoti mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile na ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikauzwa Misri na kupewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo, na vita vilipopamba moto Waingereza wakaichukua kusafirisha wanajeshi.

Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, yaani askari Waafrika wa nchi zetu na maofisa wao Wazungu. Walikuwamo pia wanamaji 271 wa Jeshi la Majini la Uingereza, mabaharia wa meli yenyewe, na wanawake 83 waliokuwa wauguzi, watumishi wa jeshi la majini na wa idara ya usafiri ya wanawake. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Ukumbini baadhi ya abiria walikuwa wanasikiliza muziki, na wengine walikuwa wamepumzika mahali pao chini. Saa nane na nusu hivi, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani I-27, iliyoongozwa na Toshiaki Fukumura, ilifyatua makombora yake ya majini. Mawili yakaipata Khedive Ismail. Kwa muda usiozidi dakika tatu meli ilikuwa imekwenda chini. Waliookolewa walikuwa 214, wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297.

Nakuomba usiipite haraka idadi hiyo, wala muda huo. Katika dakika tatu mtu hawezi kutoka chini ya meli, kupanda ngazi mbili na kufika kwenye mashua ikiwa ngazi zenyewe zimelala ubavu. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua kwa utaratibu, wala ya kuitana majina. Aliyekuwa chini alibaki chini. Wengi wa waliookoka ni wale ambao wakati huo walikuwa juu ya sitaha au karibu na mlango. Nani aliokoka na nani alizama ilitegemea mahali alipokuwa amekaa baada ya kula.

Kilichofuata ndicho kinacholifanya tukio hili lisomwe hadi leo na watu wa sheria, wa dini na wa jeshi. Waliookoka kuzama walikuwa wanaelea, wameshika mbao na maboya, na nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji katika eneo lile lile. Meli nne zilizobaki zilikuwa zimejaa askari na zinatawanyika, na nyambizi hiyo ingeweza kuzifuata. Kamanda wa Petard alikuwa na jambo moja la kuamua, na dakika chache za kuliamua. Aliamua kushambulia. Mabomu yanayolipukia chini ya maji yalitupwa mahali walipokuwa wanaelea watu waliokuwa wakisubiri kuokolewa, na wapo waliouawa nayo. Nyambizi ililazimika kupanda juu. Paladin iliiendea na ikatobolewa ubavu. Mizinga ya Petard haikuweza kuitoboa nyambizi, na mwishowe kombora la saba ndilo lililoizamisha, pamoja na karibu mabaharia wake wote.

Nimesoma hoja za wanaomtetea kamanda yule na za wanaomlaumu. Msimamo wangu ni kwamba alifanya alichokuwa na wajibu wa kufanya, na kwamba wajibu huo hauwaondolei waliouawa haki ya kutajwa waziwazi kuwa waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Mwanafunzi wa somo hili asikubali kuambiwa achague moja kati ya hayo mawili. Familia za waliokufa zina haki ya kuyajua yote. Na Wajapani waliokwenda chini na I-27 walikuwa na mama zao pia. Somo la kumbukumbu za baharini halifai kitu likiwahesabu wafu wa upande mmoja tu.

Msomaji mwangalifu ataniuliza kama Khedive Ismail ilikuwa manowari. La, ilikuwa meli ya abiria iliyochukuliwa kubeba askari, na wataalamu wa Ulaya huziweka meli za namna hiyo katika fungu lake. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo, lakini kwetu mpaka huo unaficha mengi kuliko unavyoonyesha. Waafrika wa Mashariki wachache sana walipata nafasi katika manowari za Waingereza. Waliokwenda baharini kwa maelfu walikwenda kama mizigo ya vita, ndani ya meli za askari. Tukiwasoma wanamaji wa manowari peke yao, tutakuwa tunasoma vita vya watu wengine vilivyopita mbele ya mlango wetu. Ndiyo maana katika somo hili, kama ninavyolifundisha, mwanamaji wa Uingereza na askari wa mizinga kutoka Kavirondo Kaskazini, wilaya yetu ya wakati ule, waliolala katika maji yale yale wanasomwa katika ukurasa mmoja.

Hii si kusema kwamba pwani yetu haina manowari zake. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Ujerumani Königsberg iliikuta manowari ya Uingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar, imesimama ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga hadi ikazama. Wanamaji 38 walikufa, na makaburi ya baadhi yao yako katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe. Königsberg nayo ilikimbilia katika mikono ya mto Rufiji, ikamalizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, utaona mizinga miwili imewekwa jirani, mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus. Watoto wa shule hupigwa picha pale kila mwaka. Waliokufa Zanzibar wana kaburi, wana jina na wana kisiwa cha kutembelewa, na kwa mtu aliyefia baharini huo ni utajiri mkubwa.

Tukirudi mwaka 1944, yafaa kujua kwa nini Kilindini ilikuwa na shughuli nyingi kiasi kile. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Ceylon mwezi Aprili 1942, Waingereza walizirudisha nyuma meli zao za Bahari ya Hindi, na Kilindini ikawa makao yao. Shule ya Allidina Visram, pale Mombasa, iligeuzwa ofisi ya siri ya kufumbua maandishi ya fumbo ya Wajapani. Kufikia mwanzo wa 1944 hali ilikuwa imegeuka. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvuka kwenda Ceylon kujiandaa kwa vita vya Burma, na Kikosi cha 301 kilikuwa kinaifuata njia hiyo. Katika vita vyote vile, nchi zetu zilitoa askari na vibarua wa kijeshi zaidi ya laki tatu. Wengi wa waliokwenda Asia walipita Kilindini, na kila aliyepita Kilindini alipita juu ya maji yaliyokuwa na nyambizi.

Sasa tuje nyumbani. Kimilili ya wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini. Reli ilikuwa imefika Kitale tangu 1926, na nyingine ilipita Broderick Falls, yaani Webuye ya leo, na Bungoma, ikielekea Uganda. Kijana aliyeandikishwa alipelekwa stesheni, akapanda garimoshi, na baada ya mafunzo akateremshwa hadi bandarini. Upande wa Trans Nzoia walikuwa walowezi waliohitaji vibarua wa mashamba, na serikali nayo ilihitaji askari, kwa hiyo kijana yule yule alitafutwa na watu wawili. Machifu walitakiwa kutoa idadi. Wapo waliokwenda kwa hiari, wakitafuta mshahara, kodi ya baba au mahari. Wapo waliokwenda kwa sababu askari wa chifu walikuja usiku.

Na hapa kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito wake wa peke yake. Misheni ya Marafiki, waliofika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902 na baadaye kufungua kituo cha Lugulu, ilileta imani inayokataa vita kabisa. Ukristo wa familia nyingi za Kimilili ulianzia kwa watu ambao kwao kubeba bunduki ni dhambi. Watoto wao walisoma katika shule za misheni, na kikosi cha mizinga kilitafuta vijana wa namna hiyo hasa, wanaojua kusoma na kuhesabu, kwa sababu mzinga haupigwi kwa kukadiria. Anayetaka kuandika tasnifu nzuri aanzie hapa: jinsi elimu ya kanisa la amani ilivyowaandaa vijana kwa vikosi vya vita, na walichosema wazazi wao Jumapili iliyofuata.

Tena mwaka huo huo wa 1944, Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa ameiacha misheni na kuanzisha Dini ya Msambwa, alikuwa anapambana na serikali ya kikoloni. Mwaka 1945 alipelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, kana kwamba kuwakataa wakoloni ni wazimu. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, na watu 11 wakafa. Malakisi inakumbukwa. Wazee wanaweza kukupeleka wakakuonyesha. Siku mbili tu katika kalenda zinazitenganisha tarehe za Malakisi na Khedive Ismail, lakini ya pili ukiitaja sokoni Kimilili utaulizwa ni meli gani hiyo. Tofauti haiko katika uzito wa msiba. Waliokufa Malakisi walianguka juu ya ardhi ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole, na walikuwapo mashahidi waliorudi nyumbani jioni ile ile kusimulia. Waliokufa baharini hawakuacha ardhi, na habari yao ilifika nyumbani miezi baadaye, katika karatasi iliyosomwa na chifu au karani.

Hiki ndicho kiini cha somo, na ningependa ukae nacho kabla ya kufungua kitabu chochote: kumbukumbu inataka mahali. Jamii zetu zililijua hili kabla ya meli za mvuke. Katika koo nyingi za Waluhya, mtu aliyefia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, pale pale ambapo angezikwa yeye. Mgomba hulazwa kaburini, udongo ukafukiwa, na matanga yakaendelea. Wageni waliwahi kuiandika desturi hii kama ushirikina. Mimi naiona kuwa jibu la akili kwa swali lile lile ambalo mataifa tajiri yalilijibu kwa kuta za mawe zenye majina. Mke anahitaji kujua kuwa ni mjane. Ndugu wanahitaji kujua kama wanaweza kugawana ardhi. Watoto wanahitaji mahali pa kusema baba yuko hapa.

Lakini desturi zetu nazo zina mipaka, na mtafiti aijue. Kumuse, ile hotuba kubwa ya Wabukusu ambapo msemaji husimama mbele ya umati akataja koo, vita na asili za watu, hufanywa kwa mzee aliyezeeka na kuacha wajukuu. Kijana wa miaka 22 aliyezama na mizinga yake hakufikia daraja hilo. Kwa hiyo hadhara kubwa kuliko zote ya kusimulia historia haikumtaja. Aliangukia katika pengo: serikali ilimwandika kwa namba, na nyumbani hakuwa amezeeka vya kutosha kusimuliwa.

Alikobaki ni katika majina. Sisi tunawapa watoto majina ya waliotangulia, na wapo wajukuu na vitukuu katika vijiji vyetu wanaoitwa kwa majina ya watu wasio na kaburi. Swali zuri kuliko yote katika utafiti wa huku ni fupi: jina lako umepewa la nani? Lifuatie na jingine: alikufa wapi? Mara nyingi utajibiwa "alienda vita, hakurudi." Hapo ndipo kazi inapoanza, na usikubali kuishia hapo.

Swali la tatu ni la rika, na hapa Bukusu ina hazina ambayo wenzetu wa vyuo vya mbali hawana. Mzee anaweza kuwa hakumbuki mwaka aliozaliwa baba yake, lakini hawezi kusahau rika alilotahiriwa nalo. Kananachi walipita jandoni kati ya 1924 na 1934, na Kinyikeu kati ya 1936 na 1946, kila baada ya mwaka mmoja, mwezi wa nane. Na ndani ya rika kubwa kila msimu una jina lake. Ukiambiwa marehemu alikuwa wa mwisho wa Kananachi, unajua kuwa mwaka 1944 alikuwa mtu mzima, huenda mwenye mke na watoto. Ukiambiwa alikuwa Kinyikeu wa katikati, alikuwa kijana mbichi. Kwa njia hiyo utamtenga mtu aliyekwenda vita vya kwanza na aliyekwenda vita vya pili, jambo ambalo masimulizi ya familia huchanganya kila mara. Pia usisahau ukoo. Wafula, Wekesa, Simiyu na Wanyonyi ni maelfu, kwa sababu ni majina ya mvua, mavuno, kiangazi na palizi. Jina peke yake halitakufikisha popote. Jina, ukoo na rika, vyote vitatu pamoja, vitakupa mtu mmoja.

Upande wa pili wa kazi ni kuta na makaratasi. Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, kuna Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Humo ndimo walimo askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail. Ukuta huo unatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na rejista yake inaweza kutafutwa kwa jina, kwa kikosi na kwa tarehe. Kila aliyeandikwa ana namba, cheo, kikosi na siku ya kufa. Kwa wengine rejista huongeza jina la baba au la mke na mahali alikotoka. Huo mstari wa mwisho ndio daraja kati ya ukuta wa Nairobi na boma la Kimilili. Yasome majina polepole, maana yaliandikwa na makarani waliosikia majina yetu kwa masikio ya kwao: Khaemba anaweza kupoteza h, Nyongesa anaweza kupoteza y, na jina la baba likakaa mahali pa jina la mtu.

Pamoja na makosa hayo, askari wa 1944 walipata kitu ambacho babu zao wa 1914 hawakukipata. Wapagazi wa vita vya kwanza, wale wa Kariakor, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu, na karibu wote hawakuandikwa popote. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920 hazina jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilikuwa dhuluma, na naiita hivyo bila kupunguza. Lakini majina ya waliozama 1944 yapo. Tukiyaacha bila kusomwa, kosa litakuwa letu na si la wakoloni.

Msomaji ataona pia jinsi wafu wa meli moja walivyogawanywa. Wanamaji wa Uingereza wasio na kaburi huandikwa Portsmouth, Plymouth na Chatham. Mabaharia wa meli za biashara huandikwa Tower Hill, London. Askari wa mizinga wako Nairobi. Kati ya wanawake 83 waliokuwamo, 77 walikufa, na hakuna siku nyingine ya vita vile ambayo wanawake wengi hivyo wa majeshi ya Jumuiya ya Madola walipotea kwa mpigo. Walizama pamoja, wakati mmoja, lakini hakuna ukuta mmoja unaowataja wote. Brian James Crabb aliandika kitabu kizima juu ya meli hii, *Passage to Destiny*, na ndicho cha kuanza nacho kwa habari za baharini. Kitabu cha upande wa nchi kavu, cha maboma walikotoka wale askari, bado kinamngoja mwandishi, na hakuna anayefaa kukiandika kuliko mtoto wa maboma hayo.

Kwamba inawezekana, Afrika Kusini imeonyesha. Tarehe 21 Februari 1917 meli ya SS Mendi, iliyobeba vibarua weusi wa jeshi, iligongwa na meli nyingine katika ukungu karibu na kisiwa cha Wight, na watu zaidi ya 600 wakafa. Serikali ya wazungu ilitaka wasahaulike. Watu wao walikataa. Walihadithiana, walitunga mashairi, walikutana kila Februari, na kwa miaka mingi kumbukumbu hiyo iliishi midomoni na makanisani tu. Leo kuna nishani ya taifa ya ushujaa inayoitwa Mendi na manowari ya Afrika Kusini yenye jina hilo, na mwaka 2018 kengele ya meli ile ilirudishwa Cape Town. Hayo yote hayakuanzia serikalini. Yalianzia kwa familia zilizoendelea kutaja majina.

Sisi tuna wafu wengi kuliko wa Mendi na hatuna siku yao. Sioni sababu ya kusubiri amri kutoka Nairobi. Shule ya Kimilili, Kamusinga au Lugulu inaweza kumpa kila mwanafunzi jina moja kutoka rejista na kumtuma akaulize nyumbani, akazungumze na wazee wa mtaa, akalinganishe ukoo na rika. Kanisa linaweza kuyasoma majina hayo Jumapili iliyo karibu na tarehe 12 Februari. Makumbusho ya Kitale yanaweza kupokea nakala za vyeti vya kuachishwa jeshi, picha na barua. Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, Nairobi, zinapokea watafiti, na mkulima mwenye swali ana haki ya kukaa pale sawa na profesa.

Neno kwa anayeanza. Usiende nyumbani kwa watu na kamera mbele. Nenda na sukari na majani ya chai, keti, sikiliza matanga ambayo hayakumalizika. Utaonyeshwa sanduku la bati lenye karatasi zilizoliwa na mchwa; zipige picha pale pale, usizichukue. Utaambiwa mambo ambayo hayalingani na vitabu; yaandike kama yalivyosemwa, kisha andika pembeni vitabu vinasemaje. Na ukigundua kuwa mtu wa familia hiyo alizama tarehe hiyo, mwambie mkubwa wa boma kwanza, faraghani, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Na wewe msomaji wa Kimilili, Chwele, Kapsokwony, Webuye au Kitale, ambaye nyumbani kwenu kuna jina la mtu aliyekwenda vita asirudi: uliza wiki hii, maana waliomjua waliobaki ni wachache na ni wazee sana. Andika jina lake, la baba yake, ukoo wake na rika lake. Kisha fungua rejista ya Tume, ambayo haina malipo, andika tarehe 12 Februari 1944 na neno la kikosi, na usome orodha yote hadi mwisho.